Mshubiri: maji kidogo, na usiunywe

Wengi niliowagawia machipukizi ya mshubiri (aloe vera) wameyaua kwa maji, si kwa ukame. Asili ya mmea huu ni Bara Arabu, kwenye mawe na jua kali. Maji yake huyaweka akiba ndani ya majani, na vitundu vya majani huvifungua usiku ili yasipotee mchana. Ukiumwagilia kila siku mizizi inaoza, majani yanalegea na kugeuka kahawia kuanzia shinani. Tia mchanga mwingi kwenye udongo, chombo kiwe na matundu chini, na kabla ya kumwagilia chomeka kidole: kikikuta unyevu, acha.

Ninalolisisitiza zaidi ni uvunaji. Kata jani la nje, lililonona, karibu kabisa na shina. Papo hapo utaona maji ya njano yakichuruzika kutoka chini ya ganda, yana harufu kali. Hayo ndiyo shubiri yenyewe, na ndiyo yanayoharisha watu. Simamisha jani ndani ya glasi, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 15 hivi. Kisha chonga miiba ya pembeni, menya ganda, suuza ute mpaka usione unjano wowote.

Ute huo naupaka kwenye ngozi iliyokauka, iliyobabuka kwa jua au iliyoungua kidogo. Ukiungua, anza na maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ndipo upake. Malengelenge makubwa au kidonda kilichochimbika, nenda hospitali. Na kama hujawahi kuutumia, jaribu kwanza sehemu ndogo mkononi, maana wapo wanaowashwa.

Kuunywa sishauri hata kidogo. Najua wengi husaga jani zima na ganda lake kwa ajili ya tumbo. Mwaka 2002 Marekani iliziondoa sokoni dawa za kulainisha choo zenye shubiri zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Nalo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka dawa inayokamuliwa kwenye jani zima katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kuharisha sana pia hupunguza potasiamu mwilini, hatari kubwa kwa mwenye dawa za moyo. Mjamzito na anayenyonyesha wasithubutu.

Ute uliobaki ufunike uweke kwenye friji, na ukibadilika rangi au harufu utupe.