Elektroni husogea kwa kasi gani ndani ya waya wa sola?

Chukua waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule unaoshuka kutoka paneli ya sola juu ya paa hadi kwenye betri katika nyumba ya Lamu. Paneli ikitoa ampea 5, elektroni husogea kwa kasi gani? Kanuni ni v = I ÷ (n × A × e): v ni kasi, I ni mkondo kwa ampea, A ni eneo la mkato wa waya, e ni chaji ya elektroni moja. Kugawanya ni rahisi. Kazi iko kwenye n na A.

n ni idadi ya elektroni huru katika mita moja ya ujazo. Kwa shaba, zidisha densiti (kilo 8,960 kwa mita ya ujazo) kwa namba ya Avogadro, yaani idadi ya atomu katika moli moja, 6.022 × 10²³, kisha gawanya kwa kilo 0.0635, masi ya moli moja. Unapata 8.5 × 10²⁸, kwa kuwa kila atomu ya shaba huchangia elektroni moja. Alumini huchangia 3. Kwa hiyo ukwaruze waya kwa kisu kabla ya kuhesabu: ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba.

Kwa A, menya plastiki, pima uzi mmoja kwa mikromita. Nyuzi ni 7, kila moja kipenyo milimita 0.67, jumla milimita 2.47 za mraba, yaani mita za mraba 2.47 × 10⁻⁶. Anayeandika 10⁻³ hapa, au anayetumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo, jibu lake halitengenezeki tena.

Ukiweka e = kulombu 1.6 × 10⁻¹⁹, v ni milimita 0.15 kwa sekunde. Waya wa mita 10 unahitaji zaidi ya saa 18. Elektroni iliyotoka kwenye paneli jua likichomoza haitafika betrini kabla ya magharibi. Betri huanza kuchajiwa papo hapo kwa sababu elektroni zimeujaza waya mzima tangu mwanzo, na msukumo ndio unaokwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Usichanganye pia na mbio zao za huku na huko, takriban kilomita 1,570 kwa sekunde, ambazo hazibebi mkondo kwa sababu zinafutana.

Hesabu hii ina faida kwa fundi pia. Chumvi ya bahari ikila nyuzi 4 pale kwenye skrubu, 3 zilizobaki hubeba ampea zilezile, kasi hapo hufika milimita 0.35 kwa sekunde, ukinzani hupanda, na kiungo hupata joto, hata kinaweza kuungua. Kata hadi shaba safi, funga upya.