Ukienda Algarve, usiishie Albufeira

Kila mwaka baridi ya Ulaya ikianza kulegea, ndugu na jamaa walioko huku, wengine Ujerumani, wengine Uingereza, huniuliza swali lile lile: tukienda Ureno kupunga upepo wa bahari, tufikie wapi? Mara nyingi wanaponiuliza wameshaona picha za pango la Benagil na wameshalipia hoteli Albufeira, mji wa kitalii wa pwani ya Algarve, tena mwezi wa Agosti. Jibu langu huwa refu kuliko walivyotaka, ndiyo maana nimeona bora niliandike.

Algarve ni ukanda wa kusini kabisa mwa Ureno, na uwanja wake wa ndege uko Faro. Watu huzungumzia fukwe za Algarve kana kwamba zote ni moja, kumbe pwani ile ina sura tatu. Kati ya Lagos (ya Ureno, si ya Nigeria) na Albufeira kuna majabali ya rangi ya dhahabu, mapango, na fukwe ndogo zilizojibana katikati ya miamba. Mashariki ya Faro majabali yanakwisha. Huko ni visiwa virefu vya mchanga, na kati ya visiwa na bara kuna wangwa mpana unaojaa na kupwa. Ukielekea magharibi, ukaipita Sagres, mji ulioko kwenye ncha ya kusini-magharibi, na kupanda kaskazini, unakutana na bahari ya wazi, mawimbi mazito na upepo usiojua kupumzika. Asiyejua tofauti hiyo akachagua mji kwa bei ya chumba tu, likizo yake itaishia barabarani.

Mimi ningeanza na Lagos, kisha nimalizie Olhão au Tavira, miji ya mashariki ya Faro. Albufeira ina baa nyingi na kelele nyingi. Kama hilo ndilo unalolitafuta, nenda, hakuna atakayekuuliza.

Halafu kuna suala la maji. Wewe uliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja, ile bahari ya vuguvugu isahau. Hii ni Atlantiki. Hata jua likiwa kali kiasi cha kuunguza mchanga, ukitia mguu majini Lagos utaurudisha. Upande wa Tavira ni nafuu kidogo. Upande wa magharibi ni wa wenye nguo maalumu za mpira wanaoteleza juu ya mawimbi. Kwa hiyo kama shabaha yako ni kuogelea, nenda Septemba, kwa sababu bahari imepata kiangazi kizima cha kupashwa moto na umati umeshapungua. Kama unataka kutembea kwa miguu, Aprili na Mei ndiyo miezi yake, maua yamejaa mpaka ukingoni mwa majabali. Agosti Wareno wenyewe wako likizo, na kupata mahali pa kuegesha gari karibu na ufukwe saa nne asubuhi ni bahati nasibu.

Majabali yale ni mazuri lakini yanameguka. Mwaka 2009, mwezi wa Agosti, jabali liliporomoka katika ufukwe wa Maria Luísa, karibu na Albufeira, likaua watu watano waliokuwa wamejipumzisha chini yake. Mpaka leo utaona mabango ya tahadhari, na chini ya mabango hayo hayo utaona watu wametandika taulo wakifuata kivuli. Nunua mwavuli, kaa mbali na ukuta wa mwamba. Angalia bendera pia: ya kijani unaogelea, ya njano unaruhusiwa kuingia majini lakini si kuogelea, nyekundu unabaki mchangani. Waokozi wako kazini majira ya joto tu.

Kuhusu Benagil, lile pango lenye tundu darini: sheria zilikazwa mwaka 2024. Hairuhusiwi tena kuogelea mpaka ndani, hairuhusiwi kushuka kwenye mchanga wa pangoni, na huwezi kukodi kayaki ukaenda peke yako bila kiongozi. Boti inaingia, unapiga picha, inatoka. Ushauri wangu ni kwamba ulitazame tundu lile kutoka juu, ukiwa kwenye Sete Vales Suspensos, njia ya miguu ya karibu kilomita 6 kutoka ufukwe wa Marinha hadi Vale Centeanes. Kwa boti, hela yako itumie Ponta da Piedade, rasi ya miamba iliyoko Lagos. Panda boti ndogo asubuhi mapema bahari ikiwa shwari, maana kubwa haziwezi kupenya kwenye zile nguzo za mawe na mianya yake.

Ukiwa Lagos, usiondoke bila kuingia soko la zamani la watumwa, ambalo leo ni makumbusho. Ni jengo dogo la matao, kona ya uwanja, unaweza kulipita ukidhani ni ofisi ya posta. Tarehe 8 Agosti 1444 Waafrika 235 waliotekwa pwani ya magharibi ya Afrika walishushwa Lagos na kugawanywa. Gomes Eanes de Zurara, mwandishi wa habari za ufalme, aliandika jinsi mama walivyotenganishwa na watoto, huku Mwanamfalme Henrique, mdhamini wa safari hizo za Wareno, akiwa juu ya farasi akingojea fungu lake, sehemu moja ya tano. Leo sanamu ya Henrique huyo huyo imeketi katikati ya uwanja, imetazama baharini, hatua chache tu kutoka mlangoni mwa soko. Mwaka 2009, walipokuwa wakichimba ili wajenge maegesho ya magari nje ya ukuta wa mji wa kale, ilipatikana mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 iliyokuwa imetupwa penye jalala la zamani. Baadhi walikuwa wamefungwa mikono. Maegesho yalijengwa hata hivyo.

Sisi wa Afrika Mashariki tumewajua Wareno kupitia Ngome ya Yesu, mnara wa Malindi, na Kilwa na Mombasa zilizoporwa mwaka 1505. Lagos inakuonyesha walikotokea, nusu karne na zaidi kabla ya Vasco da Gama kuliona jua la Malindi. Ukienda na watoto, waeleze kabla hamjaingia. Maonyesho ni mafupi na hayawabembelezi watu.

Sagres ni kilomita thelathini na ushee kutoka Lagos. Treni haifiki, panda basi. Ndani ya ngome kuna duara kubwa la mawe lililofukuliwa 1921, linalofanana na dira, ambalo hakuna aliyethibitisha lilikuwa la kazi gani. Waongoza watalii bado husimulia chuo cha ubaharia alichokianzisha Henrique pale. Wanahistoria wengi hawakikubali, ingawa ni kweli alifia Sagres mwaka 1460. Mimi kilichonishika zaidi ni wavuvi. Wanasimama ukingoni mwa genge lenye kimo cha jengo la ghorofa ishirini, mishipi imeshuka mpaka kwenye povu ambalo hata hulisikii vizuri, na samaki akinasa humvuta taratibu, mkono juu ya mkono, asije akagonga mwamba akachomoka. Chukua koti. Hata Julai, chukua koti.

Ukipanda kaskazini kutoka hapo, macho yako yawe kwenye vilele vya miamba iliyosimama baharini. Korongo weupe wamejenga viota juu yake, jambo ambalo ni nadra sana duniani, kwa kuwa kwingine korongo hawa hupenda minara ya makanisa na nguzo za umeme.

Silves watu wengi huiruka kwa sababu haina bahari. Ndiyo iliyokuwa kitovu cha Algarve wakati wa utawala wa Waislamu, na ngome yake ya mawe mekundu ndiyo iliyobaki imara kuliko zote za eneo hilo. Mfalme Sancho wa Kwanza aliiteka mwaka 1189 akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba, Waislamu wakaikomboa 1191, kisha Wakristo wakaichukua moja kwa moja katikati ya karne ya 13. Shuka kwenye birika la maji ndani ya ngome, halafu nenda makumbusho ya mji, ambayo yamejengwa kuzunguka kisima cha zama zile chenye ngazi ya kuzunguka inayoshuka kandokando yake. Aliyewahi kutembea magofu ya Gedi, karibu na Malindi, hatahitaji kuelezwa mengi. Ila ukienda kwa treni jua kwamba stesheni iko karibu kilomita 2 nje ya mji.

Kwa usafiri kwa jumla, treni inakwenda kutoka Lagos mpaka Vila Real de Santo António mpakani na Hispania, na unaweza kubadilisha Faro. Ukikodi gari, ushuru wa barabara kuu ya A22 umefutwa tangu Januari 2025. Ukiuziwa kifaa cha kulipia kwa ajili ya Algarve peke yake, kikatae. Ushuru wa kutoka Lisbon bado upo. Mezani, mkate, zeituni na jibini utakavyowekewa kabla hujaagiza si zawadi. Usipovigusa hulipi. Na kwa wale mnaotoka Uingereza mkiwa na pasi ya Kenya au Tanzania, kibali chenu cha kukaa Uingereza hakiwaingizi Ureno, mnahitaji viza ya Schengen.

Nimeiacha Ria Formosa mwisho kwa sababu ndiyo niipendayo. Ni wangwa wenye urefu wa karibu kilomita 60, hifadhi tangu 1987, una heroe, farasi wa baharini na, kwenye vichaka vya mchangani, vinyonga. Panda boti Olhão uende Culatra, kisiwa chenye kijiji cha wavuvi kisicho na magari. Nenda maji yakiwa yanapwa. Utawaona watu wameinama kwenye matope na ndoo zao, wanatafuta vitundu viwili vidogo vilivyokaa pamoja, wanapenyeza kisu na kuibua kombe mzima. Ni kazi ambayo mama yeyote wa Pemba angeielewa bila mkalimani. Karibu na Tavira, ufukwe wa Barril una safu za nanga zenye kutu zilizopandwa mchangani, masalia ya wavuvi wa jodari ambao kazi yao ilikufa miaka ya 1960. Kagari-moshi kadogo kanakuvusha hadi huko.

Nje ya majira ya joto boti za Culatra ni chache. Kabla hujavua viatu, soma kwenye dirisha la tiketi boti ya mwisho inaondoka saa ngapi.