Ukiambiwa hakuna vyanzo, fungua katalogi kwanza

Nimepokea ujumbe wa kijana anayesoma shahada ya uzamili. Anataka kuandika juu ya washairi waliokuwa wakituma mashairi yao magazetini enzi za Mwingereza. Msimamizi wake kamwambia hakuna vyanzo, atafute mada nyingine. "Dada, niache tu?" ndivyo alivyomaliza.

Mdogo wangu, usiache. Maneno hayo niliambiwa mimi pia, siku ya kutetea pendekezo langu, wenzangu wote wameketi nyuma yangu. Nilitaka kuandika juu ya Mambo Leo, jarida la Kiswahili ambalo serikali ya Tanganyika ilianza kulitoa Dar es Salaam mwaka 1923. Mzee mmoja wa jopo alilifunga pendekezo langu kabla ya kufika kurasa za mwisho, akasema, "Binti, vitu hivi havipo. Vimeshaliwa na mchwa." Watu wakacheka. Jioni ile nilishuka daladala kituo kisicho changu ili nilie bila kutazamwa na abiria. Tasnifu niliimaliza, shahada ninayo, lakini kile kicheko hakijanitoka.

Usiku uleule nilinunua bando nikaingia tovuti ya WorldCat, ambayo hukusanya pamoja katalogi, yaani orodha za vitabu, za maktaba maelfu kutoka nchi nyingi, bure, bila kuulizwa wewe ni mwanafunzi wa wapi. Mambo Leo likatokea, na chini yake majina ya maktaba zinazolihifadhi. Mchwa hawakuwa wamefika huko. Nilichapisha ule ukurasa nikaupeleka kwa jopo, na mada yangu ikapita. Miezi ya kusoma matoleo yenyewe siisimulii hapa, ni kazi ya macho na mgongo tu.

Jambo ambalo ningependa kila mtafiti wa Kiswahili alielewe ni hili: katalogi haisomi vitabu. Inasoma maneno ambayo mkutubi aliyaandika alipokiandikisha kitabu, na mkutubi huyo pengine alikuwa London au Hamburg, miaka mingi kabla hujazaliwa. Wengi huingia na swali lao zima, wanaandika sentensi ndefu kama wanavyoiuliza Google, hawapati kitu, wanafunga. Wewe andika maneno machache, na yawe maneno ya mkutubi yule. Jina Tanzania lilianza kutumika mwaka 1964. Ripoti za serikali za kabla ya hapo ziliandikishwa kwa jina la Tanganyika. Ukirudi nyuma zaidi, enzi za Mjerumani, tafuta Deutsch-Ostafrika. Lugha yetu yenyewe utaikuta Swahili, Kiswahili, Suaheli kwa Wajerumani, Souahili kwa Wafaransa. Hata Mambo Leo lijaribu kwa maneno mawili, kisha uliunganishe liwe Mamboleo. Majina ya watu ndiyo yanayosumbua kuliko yote, maana bin, al- na herufi za Kiarabu kila maktaba imeziandika kivyake. Andika sehemu ya jina isiyobadilika, halafu katalogi nyingi zitakuruhusu kuweka kinyota (*) pale usipokuwa na uhakika wa mwisho wake.

Halafu kuna njia ambayo sijaona ikifundishwa darasani, nami naipenda kuliko zote. Ukipata kitabu kimoja tu kinachokufaa, usikimbilie kingine. Kifungue, shuka chini mpaka kwenye mada zake. Utaona maneno kama "Swahili poetry". Yabonyeze. Maktaba itakuletea vitabu vyake vilivyopewa mada hiyo, viwe vya Kijerumani, vya Kiingereza au vya Kiswahili, hata kama neno ushairi halimo kwenye majina yao. Nani angekwenda kutafuta diwani ya Muyaka, mshairi wa Mombasa, katika orodha ya vitabu vya Johannesburg? Lakini huko ndiko William Hichens alikoichapishia mwaka 1940. Mada haijali mji wa mchapishaji.

Tazama na namba ya rafu pia. Katika mpango wa Library of Congress (maktaba kuu ya Marekani, iliyoko Washington), ambao maktaba nyingi za vyuo huufuata, Kiswahili kimekaa PL8701 hadi PL8704. Katalogi nyingi zina sehemu ya kupekua kwa namba. Ingia hapo utembee rafu nzima ukiwa nyumbani kwako. Na usishangae kukuta Washington vijitabu vilivyochapishwa Dar es Salaam ambavyo Kariakoo huvipati tena. Library of Congress ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, na kazi ya ofisi hiyo ni kukusanya machapisho ya ukanda wetu.

Sasa, kijana wangu, kwa kuwa wewe unatafuta mashairi ya magazetini, nisikilize vizuri. Katalogi inalijua jarida. Haijui kilichomo ndani ya toleo la mwezi fulani. Ukiandika jina la mshairi wako na lisitokee, hujathibitisha kwamba hakuandika. Tafuta jarida, kisha usome kwa makini ile sehemu inayosema maktaba ina matoleo ya miaka ipi. Wapo waliosafiri kwa gharama zao wakakuta matoleo ya miaka michache tu, na habari hiyo ilikuwa imeandikwa palepale. Kama ni maikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa kwenye ukanda wa filamu, angalia pia Center for Research Libraries ya Chicago. Maktaba za Marekani zilianzisha humo mwaka 1963 mpango wa ushirika wa kukusanya filamu za magazeti na nyaraka za Afrika.

Miswada ya mkono ni habari nyingine. Mara nyingi haimo kwenye katalogi ya vitabu, imo kwenye katalogi ya nyaraka, na ukurasa wake wa kutafutia ni tofauti. SOAS ya London, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, ina miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na watu kama Taylor, Alice Werner na huyo Hichens. Iulizie huko kwenye nyaraka. Ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitengenezewa orodha na J.W.T. Allen, ikachapishwa Leiden mwaka 1970, na mpaka leo kitabu hicho cha karatasi ni mlango mzuri wa kuingilia.

Naumia nikiona wanafunzi wetu wanabadilishiwa mada kwa sababu mkubwa fulani hakutafuta. Babu zetu waliandika, wakatuma kwa posta, wakachapishwa. Wageni wakavifunga na kuvihifadhi, na leo wageni ndio wanaovisoma zaidi yetu. Tusilikubali jambo hili. Neno "hakuna" lisemwe na mtu aliyekwisha tafuta kwa majina yote, ya zamani na ya sasa, na anayeweza kuonyesha alitafuta wapi. Msimamizi ni mzazi, tumheshimu, tumsikilize, lakini heshima haituzuii kumwekea ushahidi mezani.

Ukishapata ulichokitafuta, nakili jina la jarida kama lilivyoandikwa kwenye katalogi, namba yake ya rafu na miaka unayoitaka, halafu mwandikie mkutubi wa maktaba hiyo barua pepe fupi. Jitambulishe, mwambie unasoma wapi, muulize kama wanaweza kukupigia picha kurasa chache au kama matoleo hayo yamo tayari mtandaoni. Mwombe pia akwambie kama wana chochote ambacho bado hakijaingizwa kwenye katalogi, maana maktaba kubwa nyingi zina masanduku ya namna hiyo. Andika kwa Kiingereza kama ni lazima, lakini majina ya Kiswahili yaache kama yalivyo.