Jibu: Kutu kwenye upanga wa chuma chenye michirizi
Ndugu, umeuliza kama madoa ya kutu kwenye bapa la upanga wako yasuguliwe kwa msasa. Nakushauri usithubutu, kwa sababu michirizi ya chuma hicho, kilichofuliwa kwa matabaka ya aina mbili, hudhihirishwa na tindikali, ambayo hulila na kulitia weusi tabaka moja la chuma huku tabaka lenye nikeli likibaki ling'avu. Msasa utaififisha, na kuirejesha ni kazi ya fundi. Paka mafuta mepesi ya madini, yaache yalainishe kutu, kisha futa kwa kitambaa laini ukielekea nchani. Mafuta ya kupikia, ingawa wapo wanaoyasifu, hatimaye hunata. Tena usiuhifadhi upanga ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu pamoja na mabaki ya kemikali zilizoitengeneza.