Jina langu kwenye laini isiyo yangu

Mwezi wa saba uliopita, katika usiku mmoja wa ile baridi ya Uyole inayokusanya familia nzima kwenye chumba kimoja, binti yangu aliye kidato cha nne aliniomba nimchagulie filamu ya enzi zetu. Nilimchagulia The Net, filamu ya mwaka 1995 iliyoongozwa na Irwin Winkler, ambamo Sandra Bullock anaigiza kama Angela Bennett. Niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa msichana wa sekondari, katika banda la video la Mwanjelwa, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao mbele ya televisheni moja ndogo, na kanda ikikwama kila baada ya muda. Wakati ule kilichotuacha midomo wazi ni kumwona mtu akiagiza chakula kwa kompyuta bila kutoka nyumbani, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuigusa kompyuta. Safari hii kipande hicho kilipita na binti yangu hakuona cha ajabu. Mimi ndiye niliyeshika kikombe cha chai mpaka kikapoa mikononi, kwa kuwa kati ya siku ile ya banda la video na usiku huu, jambo linalompata Angela lilikuwa limenipata mimi, hapa hapa Mbeya.

Kwa asiyeijua, Angela ni mtaalamu wa programu za kompyuta anayefanya kazi peke yake nyumbani kwake Venice, California. Hatoki, hana marafiki wa karibu, na mama yake mzazi anaugua ugonjwa wa kusahau kiasi cha kutomtambua. Mwenzake wa kazini anamtumia disketi yenye programu inayoficha mlango wa siri wa kuingilia kumbukumbu za watu, na wanaoulinda mlango huo wanaamua kumwondoa. Wanapomkosa kwa mkono, wanamfuta kwa kompyuta: akiwa mapumzikoni nchini Mexico, kumbukumbu zake zinabadilishwa, na kwenye kompyuta yeye si Angela Bennett tena bali ni Ruth Marx, mwanamke mwenye rekodi ya uhalifu, na anaporudi anakuta nyumba yake ikiwa tupu na imewekwa sokoni. Anawaambia polisi jina lake la kweli, nao wanatazama kwenye kioo cha kompyuta na kuamini wanachokisoma humo.

Binti yangu aliuliza, "Mama, kwa nini asimpigie mtu anayemfahamu?"

Nilimjibu kwamba karibu hana mtu wa namna hiyo, na kwamba hapo ndipo filamu yote ilipo.

Sasa nieleze yaliyonipata. Mimi ni mwalimu, na pia ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa chenye wanachama ishirini na wawili, wengi wao kina mama wanaouza viazi, ndizi na nguo za mitumba. Siku moja, tukiwa tumemaliza kukusanya hisa, kijana mmoja wakala wa kusajili laini za simu alikuwa amekaa chini ya mwavuli jirani na mahali tunapokutania, akitoa laini bure. Nilihitaji laini ya pili kwa ajili ya intaneti, nikampa namba yangu ya kitambulisho cha taifa na kuweka kidole. Akasema hakijasoma, niweke tena. Nikaweka. Akasema mtandao uko chini, nibadilishe kidole. Nikabadilisha. Nilipewa laini moja, nikashukuru, nikaondoka. Wenzangu watatu nao walisajili mchana huo huo, huku tukiendelea kuzungumza mbele yake kuhusu nani amelipa na nani bado, na daftari la kikundi likiwa wazi juu ya meza yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa meza pekee iliyokuwapo.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi asubuhi nikiwa darasani, wanachama wa kikundi walipokea ujumbe uliosema hivi: "Ile hela ya hisa tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo. Mwalimu." Ninyi nyote mnaujua ujumbe wa namna hii, nchi nzima inaujua, na kina mama wa kikundi chetu wanaujua pia na si watu wa kudanganywa kirahisi. Kilichowaangusha ni hatua iliyofuata. Kabla ya kukamilisha muamala, simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji, nasi tumefundishwa tangu huduma hizi zianze kwamba hapo ndipo pa kuhakikisha. Walihakikisha. Jina lililotokea lilikuwa langu, majina yote matatu, hata lile la babu ambalo huandikwa kimakosa tangu cheti changu cha kuzaliwa. Wanachama sita walituma, jumla shilingi 310,000.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote. Tapeli wa kawaida hukuomba uamini maneno yake, na mtu mwangalifu anaweza kuyakataa. Huyu hakuomba kuaminiwa kwa lolote; aliuacha mfumo ushuhudie kwa niaba yake, na mfumo ukashuhudia ukweli kwa maana yake, kwamba laini ile ilisajiliwa kwa kitambulisho changu na kwa kidole changu mwenyewe. Jumamosi yake nilikaa mbele ya watu ninaowafahamu kwa zaidi ya miaka kumi, na mama mmoja akanyoosha simu yake kunionyesha. "Mwalimu, mimi sikusingizii," alisema, "lakini jina lililokuja ni lako." Sikuwa na jibu. Nilikuwa kama Angela mbele ya wale polisi, isipokuwa mimi sikuweza hata kusema kwamba kumbukumbu imebadilishwa, kwa sababu haikubadilishwa.

Katika filamu kuna kipande kifupi ambacho sikukizingatia nilipokuwa msichana. Angela amekwama Mexico bila hati, naye anapewa karatasi za kumrudisha nyumbani zenye jina la Ruth Marx. Anajua si jina lake. Anatia saini, kwa sababu amechoka na anachotaka ni kufika kwake kwanza, mengine yatanyooshwa huko mbele. Nilipokiona tena usiku ule nilisimamisha filamu nikamweleza binti yangu kwamba nami niliwekewa karatasi kama ile. Wazee wawili wa kikundi, kwa nia njema kabisa, walinishauri nizilipe zile fedha kimya kimya ili mambo yaishe, kwani mwalimu hakosi laki tatu na jina ni bora kuliko fedha. Nilikesha nikiliwaza jambo hilo, na ninakiri nilikaribia kukubali. Lakini kulipa kungekuwa kutia saini kwamba laini ile ni yangu, na kama laini ile ingekuwa imetumika kwingine kwa makosa makubwa zaidi, ningekuwa nimeshakubali mbele ya mashahidi ishirini na mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote litakayemfika ni huu: usilipe kabla hujaandikisha. Nenda polisi siku hiyo hiyo, eleza, chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na uitunze karatasi yake. Kutumia mfumo wa kompyuta kujifanya mtu mwingine ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wewe ambaye jina lako limetumika ni mlalamikaji, wala si mtuhumiwa anayeomba huruma. Ujumbe wa kitapeli usiufute kwa hasira. Utume kwenda namba 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) hupokea taarifa za namba za matapeli, kisha ubaki nao kwenye simu kama ushahidi. Sisi tuliandika muhtasari wa kikao, ukasainiwa na wote, na wale sita wakafidiwa kutoka mfuko wa jamii wa kikundi, jambo ambalo nililikubali kwa sababu lilitamkwa wazi kwamba aliyeibiwa ni kikundi.

Ushauri wa pili ungeniokoa kabla ya yote, nao hauchukui dakika tano. Piga *106#, fuata maelekezo, uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, nimesimama nje ya kituo cha polisi, niliona namba mbili ninazozijua na moja nisiyoijua hata kidogo. Ukikuta namba ya namna hiyo, nenda kwenye duka la kampuni husika na kitambulisho chako uiondoe, na usitoke hapo mpaka uhakiki tena na kuona imeondoka. Mimi sasa hufanya hivyo kila mwisho wa mwezi, na mama yangu mzazi aliyeko Tukuyu hufanyiwa na mjukuu wake kila akienda likizo.

Tangu usajili kwa alama za vidole ukamilishwe, na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, wengi wetu tumekaa tukiamini kwamba kidole hakiibiki. Ni kweli hakiibiki, lakini huwekwa mara mbili. Wakala akikuambia alama haijasoma, omba akuonyeshe kioo cha kifaa chake na usome mwenyewe kilichoandikwa. Akikataa au akigeuza kifaa pembeni, chukua kitambulisho chako uende dukani, hata kama ni kupanda daladala mpaka mjini na kupoteza nusu siku. Sisemi mawakala wa mtaani ni wezi. Walio wengi ni vijana wanaohangaikia riziki juani, na mmoja wao ndiye aliyenieleza kwa uvumilivu jinsi mchezo ule unavyofanyika. Ninasema tu kwamba kidole chako kina thamani ya saini, na hakuna anayetia saini karatasi tatu bila kuuliza ni za nini.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watu hulipita. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, ukianza na mwaka. Kila nakala unayoiacha steshenari, kwenye ofisi ya mikopo au kwa mwenye nyumba inatangaza mwaka wako wa kuzaliwa, na ninaowafahamu wengi, pamoja na walimu wenzangu, wamefanya mwaka huo huo kuwa namba ya siri ya simu. Ibadilishe leo. Na ukitoa nakala, andika juu yake kwa kalamu, ukikatisha picha kidogo, kwamba ni kwa ajili ya jambo fulani na tarehe fulani, ili asiweze mtu kuipeleka kwingine. Steshenari wakikuchapia nakala iliyofifia na kuitupa pembeni, iombe uichane mwenyewe. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa zako anawajibika kukueleza anazitaka za nini. Kumuuliza si ukorofi.

Yaliyobaki katika filamu ni mbio na risasi, nami sikuyafuatilia sana. Yapo hata hivyo mawili yaliyonigusa. Daktari aliyewahi kuwa mpenzi wa Angela, ambaye anajaribu kumsaidia, anakufa hospitalini kwa sababu taarifa zake za ugonjwa zimechezewa na anatibiwa maradhi asiyokuwa nayo. Na mwanzoni kabisa kiongozi mmoja wa serikali anajiua baada ya kupewa majibu ya uongo ya vipimo. Aliyeandika mambo hayo miaka ya tisini aliona kwamba madhara makubwa hutokea mahali ambapo mtu mwema, muuguzi au askari au mama wa kikundi, anatimiza wajibu wake kwa uaminifu juu ya taarifa isiyo sahihi.

Kati ya wanachama waliopata ule ujumbe, yupo bibi mmoja wa Kisafwa, muuza viazi, mkubwa kuliko sisi sote, ambaye hakutuma. Hajui kusoma vizuri. Mjukuu wake alimsomea, akamwambia jina lililotokea ni la Mwalimu kweli. Bibi alikataa. Kwenye kikao kile kigumu, watu walipokuwa wamenyamaza, alisema, "Mwalimu hajawahi kunidai hata senti tano bila kuniamkia kwanza. Huyu kaanza na hela." Hakusema zaidi. Watu wakatazamana, wakaanza kuzisoma upya simu zao.

Kutokana na neno lake tuliweka utaratibu ambao ninaupendekeza kwa kila kikundi, kila familia na kila shule inayopokea michango kwa simu: hakuna fedha inayotumwa kwenye namba mpya mpaka mtumaji ampigie mhusika kwenye namba ya zamani na kuisikia sauti yake, na kama namba ya zamani haipatikani, fedha inasubiri hadi waonane. Tumekubaliana pia kwamba anayepiga kuhakiki haonekani kuwa amemshuku mwenzake, na anayepigiwa hachukii.

Mwezi uliopita simu yangu iliharibika, nikawaandikia wanachama kwa simu ya mume wangu kwamba hisa za wiki ile niletewe nyumbani. Haikupita robo saa, bibi akapiga.

"Nimesomewa," alisema. "Haya, niamkie nikusikie."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa sema."