Jibu: Tovuti yangu haionekani Google, nianzie wapi?

Mkuu, umesema tovuti yako ya ufundi wa mashine za kufulia ina miezi minne na kurasa sita, na Google haikuoni. Ukauliza kama uongeze maneno kwenye zile meta za maneno muhimu, yaani orodha ya maneno inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa. Achana nazo. Google walishatangaza tangu 2009 kwamba hawaziangalii katika kupanga matokeo.

Kwanza andika kwenye Google site: ukiunganisha na anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Usipotokea ukurasa hata mmoja, basi shida si maneno, bado hujaingizwa kwenye faharasa yao, yaani orodha ya kurasa wanazozijua. Jiunge na Google Search Console, chombo chao cha kumwonyesha mwenye tovuti jinsi wanavyoiona, ni bure, bandika anwani ya ukurasa pale juu uone inasemaje. Yaliyonikuta mimi, aibu tupu, ilikuwa "noindex", ile amri ya kuizuia Google isiuweke ukurasa kwenye faharasa, iliyosahaulika tangu tovuti inajengwa.

Ukiikuta na kwako, iondoe, kisha geukia vichwa vya kurasa. Zote sita zikiitwa "Karibu", nani atajua upi ni upi? Ule wa pampu uite "Mashine ya kufulia haitoi maji: sababu na matengenezo", maana ndivyo anavyoandika mteja ambaye nguo zake zimekwama ndani zikielea. Kila tatizo lipate ukurasa wake, na picha za kazi yako mwenyewe. Kurasa zako zikague kwenye simu, kwani Google husoma toleo la simu.

Viungo vya kununua, yaani kulipa tovuti nyingine ziweke linki ya kuja kwako, usiguse. Na wasifu wa biashara kwenye Google Maps ujaze leo hii, saa za kazi na namba ya simu zilingane na za kwenye tovuti.