Jeni na ukoo si kitu kimoja: jibu kwa dada wa Kahe

Dada, pole sana na mtoto. Umeandika kwamba daktari kasema uvimbe wa taya ni limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya seli za kinga, na "kosa liko kwenye jeni", na tangu siku hiyo mama mkwe haishi kusema ugonjwa umetoka kwenu. Halafu umeombwa usaini kinyama kilichobaki baada ya kupima uvimbe kitumike kwenye utafiti, unaogopa wasije wakathibitisha maneno yake. Mimi si daktari. Nimekata vinyama maabara hapa Moshi miaka 23 hadi nilipostaafu, kwa hiyo nasema niliyoyaona na niliyofundishwa na waliokuwa wakisoma slaidi zangu.

Kosa lipo, lakini limo kwenye seli za uvimbe. Ukipima ngozi ya mtoto hulikuti, ukikupima wewe hulikuti. Lilianza kwenye seli moja ya aina ya B, zile zinazotengeneza kingamwili. Ndani yake ncha ya kromosomu 8 na ncha ya kromosomu 14 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) zilikatika zikabadilishana mahali. Kwenye ile ncha ya 8 kulikuwa na jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli ijigawe.

Wewe mtu wa huku unajua mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Kila shamba lina zamu yake ya maji, zamu ikiisha mtu anaziba. MYC nayo ina zamu. Sasa imehamishiwa pembeni mwa jeni za kingamwili, ambako kwa seli B maji hayazibwi usiku wala mchana. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana naomba msipoteze hata wiki moja kwa mganga. Huu ugonjwa unakimbia, lakini kwa sababu hiyo hiyo kemo, yaani dawa za saratani, huukamata vizuri, na taya huanza kupungua ndani ya siku chache.

Kwa nini kromosomu zikatike? Hapo ndipo Kahe inapoingia, kwa joto lake na malaria yake, si ukoo. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliwaona watoto hao mwaka 1957. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili kwa gari hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali, akakuta ugonjwa unapatikana kwenye joto na mvua na kupotea kwenye miinuko yenye baridi. Ramani yake ilifanana na ya malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr kule London wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, ndicho tunachokiita Epstein-Barr. Hicho karibu sote tunacho, tumekipata utotoni kwa mate, na mama mkwe pia anacho. Ule ubadilishanaji wa kromosomu ulionekana mwaka 1976, na MYC ikatambuliwa pale mwaka 1982.

Seli B zina kimeng'enya kiitwacho AID, kinachokatakata jeni za kingamwili makusudi ili ziboreshwe. Malaria ya mara kwa mara hukifanyisha kazi kupita kiasi, na mara moja moja hukata pasipostahili; mwaka 2015 watafiti walilionyesha hilo kwa panya. Seli iliyoharibika hivyo kwa kawaida hujiua. Kirusi huizuia isife.

Nisikufiche: yapo magonjwa adimu ya kinga ambayo mtoto wa kiume huyarithi kupitia kwa mama, na huleta limfoma. Kama kuna wavulana kadhaa upande wako waliokufa wadogo kwa homa zisizoeleweka, mwambie daktari. Kama hakuna, mama mkwe hana hoja.

Sasa sahihi. Mimi ningesaini, na sababu yangu ni chupa moja. Hospitali fulani, siitaji, ilituletea kinyama cha mtoto kwenye chupa ya juisi yenye shingo nyembamba. Kiliingia kikiwa laini, kikakaa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi vinyama, wiki nyingi hadi kikawa kigumu kama soli, ikabidi tuvunje chupa kukitoa. Nilikitia kwenye nta, nikakata vipande vyembamba sana, nikavielea kwenye maji ya uvuguvugu. Chini ya hadubini picha ilisomeka: seli za bluu zimejazana kama giza, katikati seli nyeupe zinazokula mizoga, mithili ya anga la Kibosho usiku usio na mwezi. Kumbe kwa jeni kulikuwa kimya. Tulipoweka rangi zinazowaka ili tuone kama MYC imehama, hakikuwaka kitu. Formalini ilikuwa imeshaiharibu DNA. Mtoto alitibiwa kwa picha ile ile, lakini kwa mtafiti kinyama kile kilikuwa takataka; ndiyo maana kilichotunzwa vizuri sitaki kipotee bure.

Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza kinyama kimekaa kwenye formalini saa ngapi, maana siku moja au mbili zinatosha. Uliza pia kama wanatumia mabaki tu au watamkata mtoto tena. Kumkata tena kwa ajili ya utafiti peke yake, mimi ningekataa. Halafu omba namba ya bloku ya nta, uiandike nyuma ya kadi yake ya kliniki. Wakihitaji kuangalia tena miaka ijayo, wataitafuta kwa namba hiyo.